Baiskeli ya kwanza ya triathloni: ya kuangalia kabla fedha ya mahindi haijatoka mfukoni

Ufipa baiskeli si mgeni. Inapeleka gunia la mahindi mashineni, inaleta maziwa mjini Sumbawanga asubuhi na mapema, inamfikisha mgonjwa zahanati pale pikipiki inapokosekana. Kwa hiyo vijana wanapotuuliza kuhusu baiskeli ya mbio, hawaulizi kama watu wasioijua baiskeli. Wameshapanda vilima na mzigo nyuma, na sasa wanataka kujua ni baiskeli gani itawafaa wakiamua kushindana.

Siku hizi wengine wanaitaja triathloni. Mwaka 2022 mashindano ya Ironman 70.3 yalifika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Picha zake zimezunguka kwenye simu mpaka vijijini kwetu, na baiskeli zilizoonekana humo nyingi zina bei ya kununulia shamba. Hapo ndipo shida inapoanzia. Kijana anauza mahindi, anatuma fedha kwa mtu asiyemfahamu, analetewa baiskeli inayong'aa ambayo haimtoshi na ambayo fundi wa hapa hana kifaa cha kuifungulia. Mvua za Novemba zinaingia, mbolea haijanunuliwa, na baiskeli imeegemea ukuta, tairi zimelala.

Jibu letu kwa mwenye fedha ya wastani ni hili: nunua baiskeli ya kawaida ya barabarani, iliyotumika lakini nzima, inayokutosha mwili, na ambayo fundi wa Sumbawanga, Matai au Namanyere anaweza kuitengeneza. Ile iliyoundwa kwa ajili ya triathloni pekee iache kwanza.

Triathloni ni nini

Ni mbio moja yenye sehemu tatu: unaogelea, unaendesha baiskeli, kisha unakimbia. Saa haisimami katikati. Hata muda unaotumia kufunga kamba za viatu unahesabiwa. Mbio fupi ambazo wanaoanza hushiriki huwa na mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Mbio za Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mara mbili yake: kilomita 1.5, 40 na 10. Za Rubavu ni kilomita 1.9, 90 na 21.1. Ukizijumlisha unapata kilomita 113, yaani maili 70.3, na ndiko jina lile lilikotoka.

Angalia hesabu hiyo tena. Katika kila mbio, baiskeli ndiyo inayochukua njia ndefu kuliko vyote. Ndiyo maana watu huitolea fedha nyingi, wakati mwingine kuliko inavyostahili.

Kwa nini si baiskeli maalumu ya triathloni

Baiskeli maalumu ina usukani wenye vyuma viwili vinavyoelekea mbele, ambavyo mwendeshaji huvilalia kwa viwiko ili upepo umpite juu. Faida yake ni ya kweli. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alitumia vyuma vya namna hiyo, vilivyoazimwa kutoka kwa watu wa triathloni, katika siku ya mwisho ya mbio za Tour de France. Alishinda mbio nzima kwa sekunde 8, baada ya zaidi ya kilomita 3,000.

Lakini ukilala hivyo mikono iko mbali na breki. Fikiria sasa barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga: lori linakupita, upepo wake unakuvuta, na mbele yako ng'ombe wanavuka kwenda malishoni. Ongeza upepo wa kiangazi wa Ufipa, ule wa Juni na Julai unaokuja na baridi na kupuliza kwa ubavu kwenye nyanda zisizo na mti. Baiskeli nyingi za triathloni zina rimu pana, na rimu pana hushika upepo kama tanga la mtumbwi. Mtu mzoefu huimudu. Anayeanza huenda mtaroni.

Kuna na sababu ya kanuni. Mbio zinazoruhusu waendeshaji kufuatana kwa karibu na kukingiana upepo hutaka usukani wa kawaida wa mbio, ule uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Ukiwa na baiskeli ya barabarani unaingia mbio za namna zote mbili, na siku ukitaka kulala, vyuma vya kulalia huuzwa peke yake na kufungwa kwa boliti nne. Baiskeli hiyo hiyo itakuingiza pia kwenye mbio za baiskeli tupu. Mwanza, Shinyanga na Simiyu mbio hizo zina mashabiki wa miaka mingi, wanaume kwa wanawake.

Pima mwili wako kwanza

Baiskeli isiyokutosha ni hasara, hata ukipewa bure. Utaumwa mgongo, magoti na shingo, na baada ya mwezi utaiacha. Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha yoyote kwenye simu, jipime.

Simama ukutani bila viatu, miguu iachane kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukivute juu mpaka kigonge mfupa kama vile umekalia tandiko. Mwenzako atie alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, kisha pimeni kutoka alama hiyo mpaka sakafuni kwa utepe wa fundi cherehani. Tuseme umepata sentimita 80. Zidisha kwa 0.66, utapata karibu 53. Hicho ndicho kipimo cha fremu cha kuanzia kutafuta, na hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba linaloshika tandiko. Wauzaji wengi hukiandika. Asipokiandika, mwambie apime na akupigie picha, utepe uonekane.

Kipimo hicho ni cha fremu za zamani zenye bomba la juu lililonyooka. Fremu mpya nyingi zina bomba linaloshuka kuelekea nyuma, na namba yake huwa ndogo zaidi kwa mtu yule yule. Kipimo cha mwisho ni kuipanda: simama juu ya bomba miguu yote ikiwa chini, na ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Halafu kaa, shika usukani. Ukijikuta umejinyoosha kama anayechungulia kisimani, fremu ni ndefu kwako.

Urefu wa tandiko una hesabu yake, na aliyeifanya ijulikane ni huyo huyo LeMond: zidisha kile kipimo cha mguu kwa 0.883. Kwa mguu wa sentimita 80 inakuwa 70.6, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli mpaka juu ya tandiko. Usipokuwa na utepe, kaa kwenye tandiko, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Waendeshaji wa huku wengi hukaa chini mno kwa sababu baiskeli ya mzigo hutaka miguu ifike ardhini. Kwenye mbio, magoti yatalipa.

Kina dada wasikubali kuuziwa "baiskeli ya wanaume ila ishushwe tandiko". Kushusha tandiko hakufupishi fremu. Tafuta fremu ndogo tangu mwanzo, za 48 au 50, ambazo bahati nzuri hazigombewi sana.

Namba iliyoandikwa kwenye tairi

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza fedha.

Baiskeli ya Phoenix na ndugu zake huitwa "ishirini na nane". Baiskeli ya mbio nayo wauzaji huiita "ishirini na nane". Tairi zake haziingiliani. Ukitazama ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zimetenganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635 au 28-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, na hiyo haidanganyi. Phoenix ni 635. Baiskeli za mbio za sasa ni 622, ambazo pia huandikwa 700C. Baiskeli za mbio za zamani sana huwa na 630, iliyoandikwa inchi 27. Baiskeli za milimani za kawaida, zile za inchi 26, ni 559.

Nunua 622. Usikubali 630 hata ikiwa nzuri namna gani, maana tairi likipasuka utalitafuta mpaka uchoke. Na uliza kabla ya kununua kama mjini Sumbawanga kuna duka lenye tairi za 622. Kama halipo, agiza mbili za akiba pamoja na baiskeli. Tyubu zina uvumilivu zaidi kuliko tairi, kwa kuwa mpira hunyooka, lakini angalia vali. Baiskeli nyingi za mbio zina vali nyembamba yenye kichwa kidogo cha kufungua kwa vidole, na pampu ya fundi wa kijijini haiishiki. Kuna kipande kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili ipokee pampu ya kawaida. Kinaenea kwenye kiganja na bei yake ni ndogo. Nunua viwili, kwa sababu kimoja utakipoteza.

Upana sasa. Baiskeli za mbio za miaka ya nyuma zilikuja na tairi za milimita 23, nyembamba kama kidole. Kwa barabara zetu tunashauri 28, na fremu ikiruhusu, 32. Tairi pana kidogo huhitaji upepo mdogo, hunyonya mitikisiko na hupasuka mara chache, na kasi inayopotea ni ndogo mno kwa anayeanza. Kabla ya kulipa, hakikisha kuna nafasi ya kutosha kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki. Fremu nyingine hazipokei zaidi ya 25.

Anayeishi kando ya lami, yaani Laela, Mpui, Matai, Namanyere au mjini Sumbawanga kwenyewe, hayo yanamtosha. Aliye Muze au Kirando, ambaye lazima apite vumbi na mawe kabla ya kuiona lami, afikirie baiskeli ya milimani isiyo na springi mbele, aivalishe tairi laini zisizo na meno. Mbio nyingi za wanaoanza huipokea. Itakuwa nzito, ndiyo, lakini atafanya mazoezi kila siku badala ya kusubiri siku ya kwenda mjini.

Gia: hesabu meno

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushee, na Bonde la Rukwa upande wa pili halipishani nalo sana. Maana yake kila anayetoka juu kwenda ziwani anashuka karibu kilomita nzima ya kwenda chini, na jioni anairudia akipanda. Lyamba lya Mfipa ndio ukuta wenyewe. Baiskeli ya mbio yenye gia za nchi tambarare haipandi huko, unaisukuma.

Hesabu meno. Mbele, kwenye pedeli, huwa kuna magurudumu mawili ya meno; hesabu lile dogo. Nyuma kuna kundi la magurudumu. Hesabu lile kubwa kuliko yote. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zina 39 mbele na 23 nyuma. Gawa 39 kwa 23, zidisha kwa mita 2.1 ambazo ni mzunguko wa tairi: kila pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 3.6 hivi. Baiskeli yenye 34 mbele na 32 nyuma inasogea mita 2.2 tu. Hiyo ndiyo gia nyepesi, na kwenye mlima ndiyo inayokuweka juu ya tandiko. Kwa kulinganisha, baiskeli ya mzigo yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kwa mzunguko, na sote tunajua mpandaji wake hufanya nini akifika mlimani: anashuka.

Kwa hiyo tafuta 34 mbele, na nyuma 28 au zaidi. Idadi ya gia kwa jumla si muhimu. Muuzaji atakuambia kwa sauti kubwa kwamba ina gia 22, muulize meno.

Breki, na fundi wako wa karibu

Kabla hujanunua, mtembelee fundi unayemtegemea, ukiwa na picha za baiskeli kwenye simu. Mafundi wetu wana mikono mizuri: wananyoosha rimu kwa macho, wanabadili spoki, wanafungua beringi na kurudisha gololi moja moja na grisi. Lakini baadhi ya vitu havimo kwenye sanduku lao, na si kosa lao. Breki za mafuta zinataka mafuta maalumu na vifaa vya kutolea hewa. Gia za umeme zinataka chaja na sehemu za kuagiza. Beringi za pedeli zilizogongwa ndani ya fremu bila nyuzi zinataka mashine ya kuzitolea. Baiskeli yenye vitu hivyo ikiharibika, safari yake ni Dar es Salaam.

Chagua breki za waya, ziwe za kubana rimu au za diski. Chagua beringi za pedeli zinazofungwa kwa nyuzi. Chagua gia za nyuma 8 au 9, kwa kuwa cheni zake ni nene, zinadumu na ni rahisi kupatikana kuliko zile za 11 au 12. Rimu ziwe za aluminiamu. Rimu za kaboni zenye breki za kubana hupata moto kwenye mteremko mrefu, na nyingine zimewahi kuharibika kwa joto hilo. Mtu anayetoka Matai kwenda Kasanga hana haja ya kujaribu.

Fremu? Aluminiamu ndiyo ya wastani wetu. Chuma kizuri chepesi nacho kinafaa, na kikivunjika mchomeleaji hodari anaweza kukishika. Kaboni iliyotumika ni bahati nasibu: ufa unaweza kuwa ndani na usiuone.

Kumbuka pia kwamba ubora wa mwendeshaji haukutoka kwenye bei. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na baadaye kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunzia kwa David Kinjah huko Kikuyu, nje ya Nairobi, mahali ambapo vijana walitengeneza baiskeli kuukuu kwa mikono yao na kuziendesha barabara za vumbi. Mkenya huyo hakuwa na karakana ya kifahari. Alikuwa na spana na subira.

Ukiwa umesimama mbele ya baiskeli

Igeuze juu chini. Pitisha kidole polepole chini ya bomba karibu na usukani na pale mabomba yanapokutana kwenye pedeli. Rangi iliyopasuka mstari mmoja mwembamba mara nyingi ni ufa. Rangi iliyokunjamana nyuma ya usukani inasema iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Achana nayo, usisikilize bei.

Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Kuyumba kidogo fundi atakunyoosha. Kuruka juu na chini ni rimu iliyopinda. Kama breki ni za kubana rimu, pitisha ukucha pale zinaposhika: ukihisi bonde, rimu imeliwa na inakaribia kupasuka.

Cheni ipime kwa rula. Chukua pini 25 mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza mpaka katikati ya ya mwisho. Cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.6 inataka kubadilishwa. Ikipita 30.8, na meno ya nyuma yameliwa pamoja nayo, na hayo ni gharama nyingine ambayo unapaswa kuitoa kwenye bei.

Geuza baiskeli isimame, shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ikigonga "tok tok", beringi za usukani zimelegea au zimekufa. Shika mkono wa pedeli, uutikise kushoto na kulia, usicheze. Mwisho, jaribu kushusha na kupandisha tandiko. Bomba la tandiko lililogandia ndani ya fremu ni tatizo linaloonekana dogo, na limewashinda mafundi wengi.

Halafu ipande. Badili gia zote, kila moja, ukiendesha. Funga breki kwa nguvu.

Fremu nyingi zina namba iliyogongwa chini, karibu na pedeli. Iandike kwenye hati ya mauziano pamoja na majina, na mkasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Namba iliyokwanguliwa ina maelezo yake, na maelezo hayo yanaweza kukufikisha polisi.

Kugawa fedha

Tuseme una shilingi 700,000. Huu ni mfano wa kugawa, si bei ya duka. Usitafute baiskeli ya 700,000. Tafuta ya 450,000, na 250,000 iliyobaki ina kazi: kofia ngumu, tairi, tyubu mbili, pampu ndogo, kiraka na gundi, funguo za alen kii, cheni mpya, pedi za breki, waya, taa nyekundu ya nyuma, nauli ya mzigo na ujira wa fundi wa kuifungua yote na kuipaka grisi. Baiskeli ya mtumba ambayo haijafunguliwa na fundi usiipeleke mteremkoni.

Kofia inunuliwe mpya. Iliyowahi kuanguka na mtu haikulindi tena, hata kama nje haionyeshi alama.

Tunaongeza jambo moja ambalo mkulima analijua kuliko sisi. Fedha ya mahindi huingia kuanzia Julai, na wakati huo kila kitu kinaonekana rahisi. Toa kwanza ya mbolea na mbegu, na ada ya shule ya Januari. Kinachobaki ndicho cha baiskeli. Kama hakitoshi, baiskeli ya mzigo ya nyumbani ikivuliwa karia na stendi, ikapandishwa tandiko na kupigwa grisi, inatosha kukujenga miguu kwa mwaka mzima.

Kuagiza kutoka mbali

Baiskeli nyingi za mbio za mtumba hushukia Dar es Salaam. Usitume fedha yote kwa picha. Mtafute ndugu au mtu unayemwamini aliye huko, mpe orodha ya ukaguzi iliyo hapo juu, aende nayo, akupigie simu akiwa mbele ya baiskeli. Muuzaji anayekataa baiskeli isiguswe, mwache.

Kwenye basi, magurudumu yafunguliwe, yafungwe ubavuni mwa fremu kwa kamba na maboksi. Kinachoumia zaidi ni kifaa cha kubadili gia cha nyuma, na kile kijisikio chembamba cha chuma kinachokishikilia. Kifunguliwe kabisa, kifungwe kwa kitambaa ndani ya fremu. Kijisikio kikipinda hata kidogo, gia zitaruka, na cheni inaweza kuingia kwenye spoki ukiwa mlimani. Kinapatikana kwa sura nyingi na kila fremu ina chake. Omba cha akiba siku ile ile ya kununua.

Na kuogelea je?

Baiskeli utaipata. Maji ndiyo mtihani. Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yana mamba na viboko, na ukingo wenye majani una kichocho. Kujifunza peke yako, kwa sababu tu unataka triathloni, hatushauri hata kidogo. Aliye Kasanga au Kipili aongozwe na wavuvi wanaojua mahali palipo salama, mtumbwi uwe kando yake, asiingie karibu na mdomo wa mto wala jioni.

Wengine waanze na duathloni: unakimbia, unaendesha, unakimbia tena. Mbio fupi ni kilomita 5, 20 na 2.5, na zote zinaweza kupangwa kwenye barabara ya lami na vijana kumi, saa moja ya mkononi na mtu wa kusimamisha magari. Wanaotaka kuanzisha mbio kijijini wazungumze na afisa michezo wa halmashauri na polisi wa usalama barabarani mapema. Upande wa baiskeli kitaifa, chama kinachohusika ni CHABATA.

Wiki za kwanza

Boliti za pedeli, usukani na tandiko hulegea baada ya safari chache za kwanza. Zikaze upya baada ya kilomita 50. Kwa mtu wa kilo 60 au 65 na tairi za 28, upepo wa paundi 70 hadi 80 unatosha; wajaze wale wanaosema "jaza mpaka iwe jiwe" matairi yao wenyewe.

Endesha alfajiri kunapopambazuka, upande wa kushoto, ukiwa na nguo inayoonekana. Kwenye mteremko mrefu usishike breki moja kwa muda wote. Shika, achia, shika, na mwendo upunguze kabla ya kona, si ndani yake.

Siku ya mashindano, msimamizi ataikagua baiskeli kabla hujaingia. Atajaribu breki zote mbili. Atavuta mkanda wa kofia yako, na kofia hiyo itabidi iwe imefungwa kichwani kabla hujaigusa baiskeli, ibaki imefungwa mpaka umeirudisha mahali pake. Kisha ataangalia ncha mbili za usukani. Lazima ziwe zimezibwa, kwa sababu bomba lililo wazi hukata nyama kama msumeno mtu akianguka. Vizibo vya plastiki vimepotea kwenye baiskeli nyingi za mtumba, na kizibo cha chupa ya mvinyo kilichochongwa kwa kisu hukubalika kikikaza vizuri.